Somo Yangu Aliyekamatwa

Simama Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya sala ya alasiri, uite kwa sauti "Mohamed Ali!" Watageuka watu watano, na wa sita atakuwa amezoea mno kusikia mwingine akiitwa hata hajisumbui kuinua kichwa. Hapa Lamu jambo hilo halimtatizi mtu. Mtoto hupewa jina la babu yake, babu naye alipewa la babu yake, na hivyo majina machache huzunguka ndani ya koo kwa mamia ya miaka. Wenye jina moja huitana somo, na usomo ni udugu mdogo: somo yako ana ruhusa ya kukutania, nawe huna budi kumjua ni nani. Jina lisipotosha kumtambulisha mtu, mji huongeza alama nyingine, ama mtaa, ama kazi, ama jina la mama, ama jahazi alilosafiri nalo, na mara nyingi zaidi lakabu ambayo mwenyewe hakuichagua wala hana uwezo wa kuikataa. Ina, yaani jina kama tunavyolitamka kwa Kiamu, lahaja ya Amu, ambayo ndiyo Lamu yetu, ni mwanzo tu wa kumjua mtu.

Mtambo wa kutafuta mtandaoni hauujui usomo. Hupewa maneno matatu, ukaleta kurasa zenye maneno hayo matatu, ukizipanga kwa vigezo vyake vya umuhimu, na mara nyingi ukurasa wa gazeti linalosomwa na wengi huwa juu ya ukurasa wowote mwingine. Haudai kwamba kurasa hizo zinamhusu mtu mmoja. Dai hilo hulileta msomaji mwenyewe, kimyakimya, bila kujua kwamba ameshalileta.

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, ambaye nimemjua tangu anahitimisha juzuu zake chuoni, kwenye masomo ya Kurani, aliomba kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja huko Shela. Alihojiwa, akaambiwa asubiri simu, na simu haikuja. Siku nyingi zilipopita, mtu wa ndani alimnong'oneza sababu: msimamizi alikuwa ameandika majina yake matatu kwenye Google, na tokeo la kwanza lilikuwa habari ya miaka mingi iliyopita kuhusu mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa shtaka zito la usalama. Majina yalikuwa hayohayo matatu, kwa mpangilio uleule. Wakati habari ile inaandikwa, kijana wetu alikuwa darasa la sita. Ila habari yenyewe haikutaja umri wa mshtakiwa, na msimamizi hakuuliza.

Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake hakuna mwongo. Mwandishi aliandika kweli: mtu wa jina lile alishtakiwa. Mtambo uliitikia ulivyotakiwa. Msimamizi, ukimhukumu kwa uadilifu, alikuwa na haki ya kujihadhari katika kaunti ambayo bado inakumbuka Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa. Na bado kijana mmoja alikosa riziki yake kwa kosa la somo yake ambaye hajapata kumwona. Mjadala wetu kuhusu faragha mtandaoni hupenda kumzungumzia mtu aliyeandikwa, awe ameandikwa kweli au uongo. Mimi nadhani katika pwani hii mtu wa kuanza naye ni yule ambaye hakuandikwa kabisa.

Watu wa Amu hawakungoja sheria ya Bunge ili wafikirie faragha. Waliijenga kwa matumbawe. Atakayeingia katika nyumba ya kale ya Mkomani hupita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye mabaraza ya mawe pande mbili, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha njia hupinda kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa ndani, ili jicho la mpita njia likwame ukutani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kiwanda kuna msana, chumba kirefu cha ukumbi, na baada ya msana kuna chumba cha faragha kiitwacho ndani, na kila hatua ina watu wake wanaoruhusiwa kuifikia. Juu ya vichochoro palijengwa wikio, vyumba vya kuunganisha nyumba na nyumba, na wanawake wakaweza kutembeleana bila kushuka njiani. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni hupiga picha milango. Ni wachache wanaotambua kwamba wanaupiga picha mfumo mzima wa kuamua nani ajue nini, na afike wapi.

Mfumo huo una msingi wa kidini ambao kila aliyepita chuoni anaujua. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe, na hodi yetu ni utekelezaji wa aya hiyo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inaweka pamoja mambo matatu ambayo mtandao nao umeyaweka pamoja: dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mpangilio wenyewe una mafunzo. Dhana hutangulia, upelelezi hufuata kuitafutia ushahidi, na kilichopatikana huwa mali ya baraza. Msimamizi wa hoteli alianza na upelelezi, lakini dhana ndiyo iliyojaza pengo pale ambapo ukurasa haukusema ni Mohamed yupi.

Sitaki hata hivyo kuupamba mji kuliko unavyostahili. Baraza la Amu halijawahi kuwa na huruma. Msichana aliyeonekana mahali asipotarajiwa saa za magharibi alikuwa habari kabla ya isha, na kuna watu walioishi miaka arubaini chini ya kivuli cha neno moja lililosemwa na mtu aliyekwisha kufa. Methali yetu ya "lisemwalo lipo, kama halipo laja" ni kauli katili kuliko inavyodhaniwa, kwani inamnyima msingiziwa hata nafasi ya kungoja ukweli udhihirike. Palipo na tofauti ni hapa: baraza lilikuwa na uso. Mwenye kusema alijulikana kwa tabia yake, na uzito wa neno ulipimwa kwa uzito wa mdomo uliolitoa. Aliyesemwa aliweza kwenda kwa mzee wa mtaa, au kumtuma mjomba, au kujibu kwa shairi. Tena baraza lilisahau, maana lilipata habari mpya. Na juu ya yote, halikuchanganya Mohamed wa Langoni na Mohamed wa Mombasa. Hata msengenyaji hodari kuliko wote angeanza kwa kuuliza, "Yupi huyo? Mtoto wa nani?"

Swali hilo la mtoto wa nani ndilo ambalo mtandao umelifuta, na sijaona sheria yoyote inayolirudisha waziwazi.

Tuanze na sheria ya kashfa, kwa kuwa ndiyo inayokimbiliwa na kila mwenye uchungu. Tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kashfa ya kawaida nchini Kenya si jinai tena; imebaki kuwa dai la madai. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, haimwonei mlalamikaji. Kifungu chake cha 16A kinaweka kiwango cha chini cha fidia: si chini ya shilingi milioni 1 pale mtu aliposingiziwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na si chini ya shilingi 400,000 pale kosa linapokuwa na kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Lakini sheria ya ukomo wa madai inampa mlalamikaji miezi 12 tu. Miezi hiyo ilikuwa na mantiki zama za karatasi. Gazeti la Nairobi lilifika hapa kwa kuchelewa, likasomwa na watu kumi, na wiki iliyofuata likafungiwa bajia. Madhara yake yalizeeka pamoja nalo. Ukurasa wa mtandaoni hauzeeki hivyo. Unaweza kukaa miaka tisa bila kumdhuru mtu, kisha mwaka wa kumi ukamvunjia mtu ndoa au kazi, na ingawa mawakili hubishana iwapo ukurasa huchapishwa upya kila unapofunguliwa, maskini mwenye jina hana fedha za kugharamia ubishi huo.

Je, somo wa mtuhumiwa anaweza kushtaki? Ajabu ni kwamba swali hili lilishaulizwa Uingereza kabla ya kompyuta kuwapo. Gazeti moja la London liliandika kwamba Harold Newstead, mtu wa Camberwell mwenye umri wa miaka thelathini, amepatikana na hatia ya kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Ilikuwa kweli. Lakini Camberwell ilikuwa na Harold Newstead mwingine wa umri unaokaribiana, naye alikuwa kinyozi asiye na hatia yoyote. Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 1939 kwamba habari inaweza kuwa kweli kwa mmoja na bado ikawa kashfa kwa mwenziwe, iwapo msomaji wa kawaida angedhani ndiye anayetajwa. Kwa kanuni, kinyozi alishinda. Kwa mfukoni, alipewa fadhingi moja, sarafu ndogo kuliko zote katika fedha za Uingereza ya wakati ule. Nchi yetu imerithi sehemu kubwa ya fikra hizo za kisheria, na nachelea kwamba tumeirithi pia ile fadhingi.

Katiba ya 2010 ina maneno mazuri zaidi. Ibara ya 31 inalinda faragha, pamoja na habari za familia na mambo binafsi ya mtu zisifichuliwe pasipo haja. Ibara ya 33, inayotoa uhuru wa kujieleza, inamtaka mwenye kuutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Inayosahauliwa ni Ibara ya 35, ambayo wengi huijua kwa upande wake wa kwanza tu, yaani haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu chake cha pili kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Nakariri neno hilo: zinazomwathiri. Haikusemwa kwamba ni lazima habari iwe iliandikwa kwa kumkusudia yeye. Ningependa sana kumwona wakili wa pwani akilipeleka neno hilo moja mahakamani kwa niaba ya somo.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo na kuunda afisi ya Kamishna wa Data, ambayo imeongozwa na Immaculate Kassait tangu mwishoni mwa 2020. Malalamiko yanayofikishwa kwake yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90. Afisi hiyo imeonyesha kwamba ina meno: Septemba 2023 ilitangaza faini ya shilingi milioni 4.55 kwa shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ya milioni 1.85 kwa klabu ya burudani iliyoweka mtandaoni picha ya mteja wake. Wenye hoteli na wenye madau ya kutembeza watalii, ambao kurasa zao zimejaa sura za watoto wetu wakiogelea forodhani, wangefanya vyema kuzikumbuka faini hizo.

Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinanivutia zaidi ya faini. Kinamruhusu mtu kudai marekebisho ya data yake ambayo si sahihi, au imepitwa na wakati, au haijakamilika, au inapotosha. Katika orodha hiyo, thamani kubwa imo katika ile ya tatu. Magari ya habari husimama nje ya mahakama siku ya kusomwa mashtaka. Siku shahidi wa nne anapokosa kufika na hakimu akamwachilia mshtakiwa, hayapo. Kwa hiyo katika tovuti za magazeti yetu kuna watu wasiohesabika waliobaki kizimbani milele, wakisomewa shtaka kila siku na kila anayeandika majina yao, ilhali wenyewe waliachiliwa zamani, wakaoa, wakazaa na wengine wakazikwa. Kila neno la habari ile ni kweli. Ila haijakamilika.

Pwani ina mfano ulio wazi wa upungufu huo. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika zaidi ya 80 waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi, na ndani yake yalikuwemo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na MUHURI. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyasafisha mwaka huohuo na akaunti zao zikafunguliwa. Mashirika hayo yana mawakili, wafadhili na sauti, na leo anayeyatafuta atakuta hukumu iliyoyasafisha. Ni mtu gani wa kawaida mwenye jeshi kama hilo la kuhakikisha kwamba hukumu yake inatembea bega kwa bega na tuhuma yake?

Ndiyo maana sishabikii sana suluhisho linalotoka Ulaya, linaloitwa haki ya kusahauliwa. Mei 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Mhispania Mario Costeja González, ambaye jina lake likitafutwa lilileta matangazo ya gazeti La Vanguardia ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake kwa ajili ya deni alilokwisha kulimaliza. Mahakama iliamua kwamba Google inaweza kutakiwa kuondoa viungo hivyo pale mtu anapotafutwa kwa jina lake, na gazeti likaachiwa kurasa zake. Ni hukumu yenye busara, na miaka miwili baadaye haki ya kufutiwa iliandikwa katika kanuni kuu ya data ya Umoja wa Ulaya. Lakini tazama kilichompata mwenyewe: mtu aliyetaka deni lake lisahaulike sasa anajulikana kwa deni hilo mpaka Lamu. Kumnyamazisha mtu kwa kelele ni kazi ngumu, na mwimbaji Barbra Streisand alilijua hilo mwaka 2003 alipofungua kesi juu ya picha ya nyumba yake iliyokuwa imepakuliwa mara sita tu, kisha ndani ya mwezi mmoja ikatazamwa na mamia ya maelfu.

Sababu yangu kubwa zaidi iko karibu na nyumbani. Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 za ardhi ya Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Ardhi hiyo haikujigawa. Palikuwa na wakurugenzi, na mabroka, na waliotia saini. Haki ya kufuta ikiwekwa mezani bila masharti, wa kwanza kupanga foleni hatakuwa kijana wa Langoni asiyeweza kulipia hata wakili wa barua moja. Watakuwa wenye saini hizo. Sitara tunayofundishwa, kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri, ni ya aibu ya mja aliyeteleza na kutubu. Haikuwekwa kumfunikia aliyedhulumu kijiji kizima. Kumbukumbu hiyohiyo ya mtandao inayowahifadhi madhalimu ndiyo inayowahifadhi waliosimama. Wavuvi wa Lamu walipokwenda Mahakama Kuu ya Malindi kupinga athari za bandari mpya, wakapewa mwaka 2018 fidia ya shilingi bilioni 1.76, majina ya waliotangulia kwenye kesi hiyo yaliingia katika taarifa za sheria, na sijui mjukuu gani atakayetaka yafutwe.

Ninachokitaka, basi, ni ukamilishaji. Gazeti lililochapisha kukamatwa liweke juu ya ukurasa uleule, kwa mstari mmoja, kwamba mtu huyu aliachiliwa tarehe fulani, kila linapoletewa nakala ya uamuzi. Sheria tayari inaruhusu kulidai hilo. Waandishi wanajitetea kwa kifungu cha 52, kinachowapa nafuu kwa kazi za uandishi wa habari zenye maslahi kwa umma, na utetezi huo ninauheshimu. Lakini sioni umma unanufaika vipi na nusu ya habari.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo haikuandikwa na mwandishi yeyote wa habari. Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza mwaka 1899 tukiwa bado chini ya himaya ya Waingereza, limetiwa kwenye Google Books, na toleo kwa toleo linaweza kupekuliwa kwa jina. Nilipolitafuta jina langu nilimkuta somo yangu mmoja, marehemu, akitajwa katika tangazo la mirathi pamoja na mahali alipofia na waliodai kusimamia mali yake. Matangazo ya namna hiyo hutoa siku 30 za kupinga, na zikiisha kazi yake imekwisha. Hakuna aliyeyaandika kwa nia kwamba miaka mingi baadaye mtu asiyehusika ajue nani aligombea shamba la nani. Na yeyote anayedhani atakimbia kwa kubadili jina, basi ajue kwamba kubadili jina rasmi nako hutangazwa katika gazeti hilohilo, jina la zamani na jipya yakiwekwa ubavu kwa ubavu. Mlango wa kutokea umejengwa sebuleni.

Turudi kwa somo. Dawa ya kawaida ya mkanganyiko wa majina ni kuongeza maelezo: umri, kazi, mtaa, jina la baba wa babu. Hapo tunakutana na fundo ambalo sioni likifunguka kwa urahisi, kwa kuwa ili kumlinda asiyehusika inabidi kumfichua zaidi anayehusika, ambaye huenda naye hana hatia. Uamuzi wangu ni kwamba umri na eneo la makazi vinatosha katika habari ya mahakamani, na jina la mtaa mdogo lisitajwe, kwa sababu katika mji kama huu mtaa ni watu thelathini na mama yake ni mmoja wao.

Ila mzigo mkubwa ninautia begani mwa anayetafuta. Serikali yenyewe ilishatambua kwamba jina halitoshi. Anayeomba cheti cha mwenendo mwema huchukuliwa alama za vidole, na upekuzi hufanywa kwa vidole hivyo. Mwajiri akikitaka cheti hicho atapata jibu linalomhusu mtu aliyeketi mbele yake. Akienda kwenye Google atapata jibu linalozihusu herufi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Data, katika vifungu vya 28 na 29, inataka data ikusanywe kwanza kutoka kwa mwenyewe na mwenyewe aarifiwe, na ingawa kuna msamaha kwa kilicho wazi kwa umma, sioni namna gani habari ya mtu mwingine iwe rekodi ya umma kuhusu kijana huyu. Meneja anayepekua jina la mwombaji kazi na amwambie kwamba amepekua, amwonyeshe alichokiona, kisha amuulize swali la baraza: ni wewe? Swali lingechukua dakika moja.

Haja ya swali hilo inazidi, kwani sasa kuna mitambo ya akili bandia ambayo haileti tena orodha ya kurasa za kuchagua. Inasuka jibu moja. Mwaka 2023 meya mmoja wa Australia, Brian Hood, aligundua kwamba ChatGPT inaeleza kuwa alifungwa kwa kashfa ya rushwa ambayo yeye ndiye aliyeifichua. Huyo alichanganywa na kesi yake mwenyewe. Mohamed Ali atachanganywa na wenzake wote, kwa sentensi fasaha, na msomaji hataona hata ule mshono ambao kwenye orodha ya kawaida ungemtia shaka.

Juma lililopita kijana alinijia saiba, kwenye duka la intaneti, na kadi ya kumbukumbu, akitaka tutengeneze upya wasifu wake ili aombe kazi Malindi. Alitaka tuongeze mstari chini ya jina. Tuliandika: "Mimi si yule aliyeshtakiwa Mombasa." Tukausoma. Ulimfanya msomaji ambaye hakuwa na habari atake kujua ni Mombasa ipi na shtaka gani. Tukabadilisha: "Jina langu linafanana na la mtu mwingine." Huo ulisomeka kama mtu anayeficha jambo. Wa tatu ulitaja mwaka wake wa kuzaliwa na tarehe ya habari ile ili msomaji ajihesabie mwenyewe, na ulikuwa sahihi kabisa, na ulilileta neno "ugaidi" nusu inchi chini ya picha yake. Aliutazama kwa muda, akabonyeza kitufe cha kufuta mpaka mstari ukaisha, kisha akaniuliza kama nadhani ni bora aongeze jina la nne.